Kumkubali mgonjwa ni rahisi, kazi ni kumlipia

Ukiwauliza wanasiasa wafanye nini kwa mwenye kisukari anayetafuta bima ya afya, wengi watakujibu kwamba kampuni zipigwe marufuku kumkataa. Sheria ya namna hiyo ina vifungu vichache, haitoi hata senti kwenye hazina, na hupigiwa makofi bungeni. Tatizo lake ni kwamba inashughulika na mlango tu. Mgonjwa anaingia, bili yake inaingia naye, na sheria haijasema ataibeba nani.

Nchini Marekani, ambako matumizi ya matibabu yamefuatiliwa kwa miaka mingi, asilimia 5 ya watu hutumia karibu nusu ya fedha zote za matibabu za mwaka. Nusu ya watu wenye matumizi madogo hutumia takriban asilimia 3 tu. Tulete uwiano huo kwenye kundi la watu 100 ambao matibabu yao kwa mwaka ni dola 100,000. Watano kati yao watatumia dola 50,000, yaani 10,000 kila mmoja. Arobaini na watano watatumia 47,000. Hamsini waliobaki watatumia 3,000 kwa jumla, sawa na dola 60 kwa kila mtu. Ada ikiwa sawa kwa wote, bila kuhesabu gharama za ofisi wala faida ya kampuni, kila mmoja atalipa dola 1,000.

Bima ikiwa ya hiari, ishirini kati ya wale hamsini watajitazama, wataona hawaumwi, watatoka. Gharama za kundi zitapungua kwa dola 1,200 tu, lakini walipaji wamebaki 80, kwa hiyo ada inafika dola 1,235. Mwaka unaofuata wazima thelathini waliobaki nao wanaitazama ada hiyo na kuondoka. Sasa watu 50 wanagawana dola 97,000: ada ni 1,940. Hakuna aliyeugua zaidi, hakuna hospitali iliyopandisha bei, na ada imekaribia kuongezeka maradufu. Mjadala mzima wa bima kwa wenye maradhi ya kabla, yaani waliougua kabla ya kujiunga, umo ndani ya hesabu hii.

Kampuni zinaijua vizuri, ndiyo maana zikiachwa huru huchuja. Katika majimbo mengi ya Marekani kabla ya mwaka 2014, marufuku ya nchi nzima ya kukataa wagonjwa ilipokuwa haijaanza, mtu aliyejinunulia bima mwenyewe, bila kupitia kwa mwajiri, alijaza fomu ndefu ya historia ya afya yake. Kampuni ikishaisoma ingeweza kumkataa, kumpandishia ada, au kumpa bima isiyogusa ugonjwa alionao. Hiyo ya tatu ilikuwa kiini macho: mwenye pumu anapewa bima ambayo hailipi chochote kinachohusu kifua. Taasisi ya utafiti ya KFF ilikadiria kwamba mwaka 2018 watu wazima wapatao milioni 54 walio chini ya umri wa miaka 65, sawa na asilimia 27, walikuwa na hali ambayo chini ya taratibu zile za zamani ingetosha kuwanyima bima.

Jimbo la Washington lilijaribu kuzuia mchujo huo mapema. Sheria yake ya mwaka 1993 ilizilazimisha kampuni kumpokea kila anayekuja, na pia ilimtaka kila mkazi awe na bima. Mwaka 1995 bunge la jimbo likafuta sharti la pili na kuliacha la kwanza. Matokeo yake yalitabirika. Watu walisubiri waugue ndipo wajiunge, wakitibiwa wakajitoa. Kampuni zilipata hasara, ada zikapanda, na kufikia mwaka 1999 karibu jimbo zima halikuwa na kampuni iliyokubali kumuuzia mtu binafsi bima mpya. Haki ya kukubaliwa ilikuwa bado imo kwenye sheria, ila hakuna aliyekuwa akiuza.

Njia iliyopendwa na wapinzani wa sharti la kila mtu kuwa na bima ni kuwatenga wagonjwa katika mfuko wao. Minnesota na Connecticut zilianzisha mifuko hiyo mwaka 1976, na baadaye majimbo 35 yakawa nayo. Kwa maelezo ya karatasini wazo linavutia: watoe wale watano wenye gharama kubwa, serikali iwalipie, na ada za wengine 95 zitashuka. Lakini mwishoni mwa mwaka 2011 mifuko yote 35 ilikuwa na wanachama takriban 226,000, kwa nchi ambayo watu wasioweza kupata bima kwa ajili ya afya zao walihesabiwa kwa mamilioni. Ada ilikuwa kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya ada ya kawaida. Mifuko mingi ilimwekea mwanachama mpya miezi 6 au 12 ya kusubiri kabla ya kulipia ugonjwa ule ule uliomfukuza kwingine. California iliweka kikomo cha mafao cha dola 75,000 kwa mwaka, kiasi ambacho matibabu ya saratani hukimaliza kabla mwaka haujaisha. Florida ilifunga mfuko wake kwa wanachama wapya tangu mwaka 1991.

Watetezi wa mifuko hiyo husema ilinyimwa fedha, na wanasema kweli. Ila kunyimwa fedha si ajali iliyoipata. Imo ndani ya muundo wenyewe. Mfuko wa wagonjwa watupu una wanachama wachache, wameishiwa nguvu, na bajeti yao hujadiliwa kila mwaka ikishindana na barabara na shule. Serikali kuu ya Marekani ilipoanzisha mwaka 2010 mfuko wa mpito wa kuwasitiri wagonjwa hadi marufuku ya mwaka 2014, iliuwekea dola bilioni 5 na kutarajia hadi watu 375,000. Walioandikishwa kwa wakati mmoja hawakuzidi sana 115,000, na bado fedha zilikuwa zikielekea kwisha, kwa kuwa mwaka 2012 kila mwanachama aligharimu wastani wa zaidi ya dola 32,000. Mapema mwaka 2013 mfuko ulisitisha uandikishaji. Atakayeleta pendekezo la mfuko wa aina hii aulizwe kwanza idadi ya wagonjwa anaowatarajia, azidishe kwa gharama halisi ya mgonjwa mmoja, kisha aonyeshe fedha hizo zitatoka wapi mwaka wa tano, si mwaka wa kwanza.

Basi wagonjwa wabaki kundi moja na wazima, na wazima wazuiwe wasitoroke. Hapo kuna fimbo na kuna kishawishi. Fimbo ya Marekani ilikuwa faini kwa asiye na bima: kwa mwaka 2014 ilianza na dola 95 au asilimia 1 ya kipato, na kufikia mwaka 2016 ikawa dola 695 au asilimia 2.5, kinachozidi ndicho kilicholipwa. Bunge la nchi hiyo liliishusha hadi sifuri kuanzia mwaka 2019. Wengi walitabiri kwamba soko lingeporomoka kama la Washington, na halikuporomoka. Sababu ni kile kishawishi. Mwenye kipato cha chini au cha kati analipa sehemu fulani ya kipato chake, na serikali inamalizia ada iliyobaki. Ada ikipanda, ruzuku hupanda nayo, kwa hiyo mzima hana haraka ya kutoka. Fimbo ndogo watu huizoea, na mara nyingine ni rahisi kuliko bima yenyewe. Nikitakiwa kuchagua kati ya faini na ruzuku inayofuata kipato, nachagua ruzuku bila kusita.

Ruzuku hiyo nayo ina shimo lake. Kwa sheria ya bima ya mwaka 2010, ile iliyoleta marufuku na faini hiyo, iliishia kwenye kipato cha mara nne ya mstari wa umaskini. Aliyeuvuka mpaka huo kwa dola moja alipoteza ruzuku yote kwa mpigo, na aliyeumia zaidi ni mtu wa miaka 60, maana sheria inaruhusu ada ya mzee kufika mara tatu ya ada ya kijana. Mwaka 2021 shimo lilifukiwa kwa kuweka kwamba hakuna atakayelipa zaidi ya asilimia 8.5 ya kipato kwa bima ya kigezo (ile ambayo ruzuku hupimiwa), lakini kwa muda. Nyongeza hiyo iliwekewa ukomo mwishoni mwa mwaka 2025. Ruzuku yenye tarehe ya kuisha huwafanya wenye bima mateka wa kila mvutano wa bajeti.

Kuna nchi zilizotumia muda badala ya faini. Afrika Kusini ilikataza mifuko ya tiba kuwakataa wagonjwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambayo kanuni zake zimeorodhesha pia magonjwa sugu ambayo kila mfuko lazima uyalipie. Orodha hiyo leo ina magonjwa 27. Kwa upande wa pili, mfuko unaweza kumwekea anayejiunga miezi 3 ya kusubiri kwa jumla na miezi 12 kwa ugonjwa aliokuja nao. Mwenye miaka 35 au zaidi ambaye hajawahi kuwa mwanachama huongezewa ada kulingana na miaka aliyokaa nje: asilimia 5 kwa miaka 1 hadi 4, 25 kwa miaka 5 hadi 14, 50 kwa miaka 15 hadi 24, na 75 kuanzia miaka 25. Ireland imetumia kanuni nyepesi zaidi tangu Mei 2015: asilimia 2 kwa kila mwaka ambao mtu amechelewa baada ya kutimiza miaka 34, isizidi asilimia 70.

Kanuni hizi humsukuma kijana ajiunge mapema, na kwa hilo zinafaa. Lakini hazitofautishi kati ya aliyekuwa akikwepa na aliyekuwa hana fedha. Mtu aliyeajiriwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 45 anaadhibiwa kwa umaskini wa miaka iliyopita. Kanuni ya kuchelewa ikiwekwa pasipo ruzuku, mizani inamwelemea mnyonge. Na miezi 12 ya kusubiri kwa mtu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki ni sawa na kumkataa, limebadilishwa jina tu.

Hata hivyo tuseme kila mtu ameingia, ruzuku ipo na ada ni sawa kwa wote. Kiini cha tatizo bado hakijaguswa. Kampuni iliyopata wanachama wengi wenye figo mbovu inapata hasara, jirani yake mwenye vijana anapata faida, na zote mbili zinatoza ada inayokaribiana. Mkurugenzi mwenye akili atafanya nini? Atahakikisha wagonjwa wanakwenda kwa jirani. Sheria imemkataza kuwakataa, haijamkataza kuwachosha.

Namna ya kuwachosha ni nyingi. Dawa zote za VVU, hata zile za bei nafuu, zinawekwa kwenye daraja la juu kabisa ambako mgonjwa analipa sehemu kubwa ya bei mwenyewe. Mwaka 2014 watetezi wa wagonjwa walipeleka malalamiko ya aina hiyo kwa serikali ya Marekani dhidi ya kampuni za Florida. Au hospitali bingwa ya saratani inaachwa nje ya orodha ya hospitali zinazokubaliwa. Au kila kipimo kinahitaji kibali, na kibali kinachukua wiki mbili. Hakuna barua ya kukataliwa, kwa hiyo hakuna pa kukata rufaa. Mgonjwa anahama mwenyewe mwaka unaofuata, akidhani amechagua.

Dawa ya hapa ni mfuko wa kusawazisha hatari, na hii ndiyo sehemu ambayo wanasiasa huiruka kwa kuwa haivutii jukwaani. Kampuni zenye wanachama wenye afya zinatoa, zenye wagonjwa zinapokea. Uholanzi ndiyo mfano mzuri. Ilianza mwaka 1993 kwa kutazama umri na jinsia. Vigezo hivyo havikutosha, kwa sababu wanawake wawili wa miaka 50, mmoja mwenye kisukari na mwingine hana, walihesabiwa sawa. Mwaka 2002 ikaongeza dawa: aliyepewa kwa mwaka zaidi ya dozi 180 za dawa ya ugonjwa fulani, dozi moja ikiwa ni ya siku moja, anahesabiwa kuwa mgonjwa wa ugonjwa huo, na kampuni yake inapata fedha zaidi mwaka unaofuata. Baadaye yakaingia magonjwa yaliyothibitishwa hospitali. Mwaka 2006 nchi hiyo ilipomtaka kila mkazi awe na bima ya kampuni, huku kampuni zikikatazwa kumkataa yeyote kwa bima ya msingi, mtambo wa kusawazisha ulikuwa tayari unafanya kazi.

Uswisi ilikwenda kinyume chake. Sheria yake ya mwaka 1996 ilifungua milango yote lakini usawazishaji ukabaki kwenye umri na jinsia. Kulazwa hospitali mwaka uliotangulia kuliongezwa mwaka 2012, na makundi ya dawa mwaka 2020. Katika miaka yote ya katikati kampuni ziliwawinda vijana wenye afya, nyingine kwa kufungua kampuni ndogo ndogo tanzu zilizowalenga hao. Nchi tajiri, yenye bima ya lazima, ilitumia zaidi ya miaka 20 kurekebisha kasoro moja ya hesabu.

Mtambo huu nao unaibiwa. Ujerumani ilipoanza mwaka 2009 kulipa mifuko yake ya bima kwa kutazama magonjwa 80, mifuko ilipata sababu ya kutaka wanachama wake waonekane wagonjwa zaidi vitabuni. Mwaka 2016 mkuu wa mfuko mmojawapo mkubwa alikiri hadharani kwamba mifuko huwashawishi madaktari kuandika magonjwa mazito kuliko yalivyo. Kigezo cha Uholanzi cha dozi 180 nacho kina ukingo wake: mgonjwa wa dozi 179 hana thamani, wa 181 anayo. Tiba yake ni ukaguzi wa sampuli ya majalada kila mwaka, faini inayozidi kilichopatikana kwa udanganyifu, na kuweka uzito mkubwa kwenye magonjwa ambayo ni vigumu kuyabuni. Figo inayosafishwa huwezi kuidanganya. Sonona isiyo kali unaweza.

Usawazishaji hauwatoshi wale wachache ambao gharama zao hazina mfano, kama mwenye hemofilia (damu isiyoganda vizuri) au mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake na kukaa wiki nyingi kwenye chumba cha uangalizi maalumu. Hapo inafaa bima mtawanyo, yaani bima inayoikinga kampuni ya bima yenyewe, inayolipiwa na serikali. Minnesota ilianza mwaka 2018 kwa kanuni iliyo wazi: madai ya mtu mmoja yakivuka dola 50,000 kwa mwaka, mfuko wa jimbo ulilipa asilimia 80 ya kila kilichozidi hapo, hadi yafike dola 250,000. Mgonjwa wa dola 150,000 anaiachia kampuni dola 70,000 na mfuko unabeba 80,000. Asilimia 20 zimeachwa kwa kampuni makusudi, isije ikaacha kujali bei za hospitali. Alaska ilifanya kitu cha jamaa hiyo kwa kutaja magonjwa badala ya kiasi, na ongezeko la ada la mwaka 2017, lililokadiriwa kufika asilimia 42, likaishia kama asilimia 7.

Matokeo hayo yanapendeza kuyataja, ila lazima tuulize nani alinufaika nayo. Anayelipa ada yote mwenyewe anaona nafuu moja kwa moja. Anayelipiwa ruzuku kwa kiwango cha kipato chake haoni kitu, kwa kuwa ada ikishuka ruzuku yake inashuka pia. Fedha za bima mtawanyo hufika kwa tabaka la kati, zile za ruzuku hufika kwa wa chini, na serikali yenye bajeti finyu inapaswa kusema wazi inamlenga nani.

Ada si gharama pekee ya mgonjwa sugu. Mtu mzima huitazama ada. Mgonjwa anapaswa kutazama kikomo cha fedha za mfukoni kwa mwaka, yaani kiasi cha juu cha matibabu anacholipa mwenyewe kando ya ada, kwa sababu anajua atakifikia. Kikomo hicho kwa mtu mmoja nchini Marekani kilikuwa dola 6,350 mwaka 2014, na kufikia mwaka 2025 kilikuwa 9,200. Mwenye ugonjwa wa maisha hukilipa Januari hadi Desemba, kisha anaanza upya. Bima yenye ada ndogo na kikomo kikubwa, kwake ni ghali.

Maneno ya mkataba nayo yana uzito wa fedha. "Ugonjwa wa kabla" unaweza kumaanisha uliogunduliwa au kutibiwa ndani ya miezi 6 kabla ya kujiunga, na unaweza pia kumaanisha dalili yoyote ambayo mtu makini angeipeleka kwa daktari. Tafsiri ya pili inaipa kampuni nafasi ya kurudi nyuma baada ya upasuaji na kusema maumivu yako ya mgongo ya miaka mitatu iliyopita yalikuwa dalili. Sheria nzuri huchagua tafsiri ya kwanza, inaweka miezi ya kutazama nyuma, inahesabu muda uliokuwa na bima kwingine kama sehemu ya kusubiri, na hairuhusu mkataba kufutwa baada ya madai isipokuwa kwa udanganyifu uliothibitishwa. Mwombaji naye asifiche ugonjwa kwenye fomu kwa kutumaini hautajulikana. Dai kubwa la kwanza ndilo linalofanya jalada la hospitali lifunguliwe.

Nchi inayoanza leo haina haja ya kusubiri ipate kumbukumbu kamili za magonjwa ndipo isawazishe. Kumbukumbu za dawa zinatosha kuanzia: namba ya mwanachama, jina la dawa, kiasi, tarehe. Duka la dawa tayari linaziandika ili lilipwe. Kinachohitajika ni kuzikusanya mahali pamoja kwa namba moja isiyobadilika mtu anapohama kampuni, na kuzikusanya angalau mwaka mmoja kabla ya kutangaza kwamba hakuna mgonjwa atakayekataliwa.